Mlioanza anatomia mwaka huu: mfumo wa limfu usiukariri, ufuate

Wadogo zangu mlioingia vyuo vya afya, najua mfumo wa limfu, yaani mishipa na tezi zinazorudisha maji ya tishu kwenye damu, mnaupita juujuu, hata mi niliona ni katopiki kadogo, maksi ziko kwenye moyo na figo. Nikaingia mtihani wa mdomo, mwalimu ananiuliza limfu inasukumwa na nini, nikajibu kwa kujiamini kabisa: moyo. Akaandika kitu, akaniambia nenda. Nikala sapu, mtihani wa kurudia.

Shida ni kwamba nilikuwa nameza majina, tezi, mishipa, bandama, thimasi, tonsili, kama mtu katumwa dukani. Kilichonitoa ni kufuata tone moja la maji kutoka kidole cha mguu mpaka linaporudi kwenye damu.

Iko hivi. Damu ikipita kwenye kapilari, vile vimishipa vyembamba kabisa vya damu, kuna maji yanachuja yanaenda kwenye tishu, halafu kama lita 3 kwa siku, pamoja na protini zilizovuja, zinabidi zirudishwe kwa njia ya limfu. Zinaingia kwenye vimishipa vyembamba ambavyo mwanzo wake umeziba, havijaungana na chochote, vimeanzia tu katikati ya tishu. Pampu kama moyo hakuna. Ukitembea misuli inaminya, ukipumua kifua kinavuta, kuta za mishipa mikubwa zinajikaza zenyewe, na ndani kuna vali, vimilango vinavyozuia limfu isirudi chini. Basi.

Njiani ndo kuna tezi, mwili mzima ni mamia, na kila tezi ni chujio lililojaa askari, yaani seli za kinga. Hapa bibi yangu ambaye hajakanyaga darasa alikuwa ananizidi. Ukimlalamikia uvimbe kwenye kinena wala haangaiki na kinena, anakwambia "huo mtoki, hebu lete mguu", anapanua vidole kimoja kimoja mpaka anakuta kamwiba kametunga usaha. Sasa na nyie mkipapasa tezi imevimba msiishie hapo, jiulizeni inapokea limfu ya wapi. Kinena kinapokea mguu na ngozi ya sehemu za siri. Kwapa linapokea mkono na sehemu kubwa ya titi, ndo maana mama akija na uvimbe kwenye titi na kwapa lazima lipapaswe.

Halafu kuna mtego walimu wanaupenda sana: ngozi ya pumbu limfu yake inaenda kinena, ila korodani zenyewe haziendi huko, limfu yake inapanda mpaka tezi za tumboni pembeni ya aota, ule mshipa mkubwa wa damu unaotoka kwenye moyo, kwa sababu korodani zilianzia tumboni kabla mtoto hajazaliwa zikashuka na mishipa yake. Ukielewa hilo hulisahau, ukilikariri linapotea asubuhi ya mtihani.

Mwisho wa safari, miguu yote miwili, tumbo na upande wote wa kushoto vinaingia mrija wa kifua, unaomwaga kwenye vena kubwa chini ya shingo kushoto. Upande wa kulia wa kichwa, mkono na kifua vina mrija wao mdogo. Kwahiyo ukikuta tezi ngumu juu ya mtulinga wa kushoto, fikiria na tumbo pia, saratani ya tumbo inaweza kujitangaza hapo.

Mafuta ya chakula nayo yanapita huku, yanatoka kwenye utumbo limfu ikiwa nyeupe kama maziwa. Mwitaliano Gaspare Aselli mwaka 1622 alipasua mbwa aliyetoka kula, akaona nyuzi nyeupe akadhani ni neva, kuzitoboa yakatoka maji meupe. Bandama iko kwenye mfumo huu lakini inachuja damu, sio limfu, msije mkachanganya.

Mimi yote haya yalinikaa sawa nilipopangwa Pwani, kwenye matende na mabusha. Minyoo ya matende inakaa ndani ya hii hii mishipa ya limfu kwa miaka, inaiharibu, na watoto wake wanatoka kwenye damu usiku, ndo maana tulikuwa tunatoboa watu vidole kuanzia saa nne usiku na tochi mdomoni. Alikuwepo mzee mmoja, mguu mzito, ngozi imekuwa ngumu ukiibonyeza na dole gumba haibonyei. Nikaanza kumweleza kisomi, vali, mirija, akanikata: "Mjukuu wangu, si useme tu maji yamekosa njia?" Nikamwambia ndio babu. Tukaleta beseni na sabuni, nikamuosha taratibu, nikamkausha katikati ya vidole maana bakteria wanapenda kupitia hapo, tukauinua mguu juu ya kigoda. Akauliza kama aupindepinde kifundo akiwa amekaa. Hilo nilikuwa sijalifikia bado.