Nunua sahani kwanza, filamu baadaye

Sahani yangu ya kwanza ya pyuta, aloi ya bati, niliinunua kwenye mnada kusini mwa Uingereza kwa sababu ya kibandiko tu. Nyuma yake palikuwa na karatasi ya manjano yenye namba, na dalali akasema imetoka ghala la kukodisha vifaa vya filamu, tena iliwahi kuwekwa mezani mbele ya mfalme katika filamu. Nikalipa mara tatu ya kiasi nilichojipangia. Mpaka leo sijaona picha hata moja inayoionyesha. Kibandiko kinathibitisha kwamba iliwahi kukodishwa. Hakisemi nani aliikodi, wala kama kamera iliwahi kuielekea.

Kwa bahati sahani yenyewe ni ya kweli, na ndiyo iliyonifundisha nitazame nini kabla ya kuinua mkono mnadani.

Igeuze kwanza. Pyuta ni bati kwa sehemu kubwa, likachanganywa na shaba kidogo, antimoni, na zamani risasi pia. Ni laini, kwa hiyo fundi aliweza kuigonga chapa yake ikakaa. Chama cha mafundi wa pyuta wa London kilipewa hati ya kifalme mwaka 1474, na kila fundi alipaswa kupiga chapa yake kwenye mabamba ya chama. Mabamba ya mwanzo yaliteketea katika moto mkubwa wa mwaka 1666. Yaliyofuata yapo hadi sasa, na picha za chapa zake zimechapishwa vitabuni. Ukiona vijichapa vinne mfululizo vinavyofanana na vya vyombo vya madini ya fedha, usishtuke. Mafundi wa pyuta walipenda kuiga. Kisha pitisha kidole chini, pale sahani inapopinda kuelekea ukingoni. Sahani nzuri za kale ziligongwa nyundo hapo ili ziwe imara, na vidonda vidogo vya nyundo husikika kidoleni.

Vikombe vya bia vina ushahidi wa ziada. Baada ya vipimo vya taifa vya Uingereza kuanza kutumika mwaka 1826, wakaguzi walivipiga vikombe mihuri. Herufi VR zinaonyesha kikombe kilikuwa kikitumika enzi za Malkia Victoria, kati ya 1837 na 1901, hata muuzaji akikuapia ni cha karne ya 17.

Sasa filamu. Omba karatasi: ankara ya kukodisha, katalogi ya mnada, barua ya ghala. Studio ya filamu ya Marekani, MGM, ilipouza vifaa vyake kwa mnada mwaka 1970, katalogi zilichapishwa, na namba ya katalogi ina uzito kuliko simulizi. Ukishajua jina la filamu, isimamishe pale sahani inapoonekana na ulinganishe mikwaruzo na mabonyeo. Sahani mbili za fundi mmoja hufanana, lakini makovu yake hayafanani. Ukikosa vyote, lipa bei ya sahani ya kale, basi.

Ukikuta nta, rangi nyeusi au gundi, tulia. Watu wa filamu huzifubaza sahani makusudi zisiakisi taa, na uchafu huo ni sehemu ya ushahidi wako. Piga picha kwanza. Baadaye osha kwa maji vuguvugu, sabuni laini na kitambaa. Usiguse steelwuli, zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Na kama kitu ni chepesi mno na hakina ubaridi wa chuma mkononi, huenda ni plastiki iliyopakwa rangi kwa ajili ya matukio ya ugomvi.

Nawasihi pia msilie chakula humo. Risasi ya sahani za zamani hutoka ikikutana na ndimu, siki au ukwaju, na watoto ndio huumia zaidi. Wala msiziweke juu ya jiko. Pyuta huyeyuka chini ya nyuzi 250 za Selsiasi, na jiko la kawaida linatosha kuiharibu.

Zangu nilizitoa kwenye kabati la mwaloni, maana mbao hizo hutoa mvuke wa asidi unaokula risasi. Sasa ziko kwenye rafu ya chuma, na kati ya sahani na sahani nimeweka kipande cha khanga kuukuu.