Niliacha Maziwa kwa Ajili ya Mtoto: Je, Nirudie Kuyanywa?

SWALI

Nina mtoto wa kiume wa miezi minne na nusu ambaye hajaonja kitu kingine zaidi ya maziwa yangu. Alipofikisha miezi mitatu, choo chake kilianza kuwa na ute mwingi wenye nyuzi za damu, na nyakati za jioni alikuwa akilia huku akijikunja. Nyumbani walisema ni mchango na wakataka anyweshwe dawa ya mizizi, lakini nilikataa. Kliniki walipima choo, hawakuona vimelea, wakaniagiza niache maziwa ya ng'ombe na kila kitu kilichotengenezwa kwayo. Sasa ni wiki ya tano, damu imekoma na uzito wake unapanda vizuri, ila sikuambiwa niyaache mpaka lini. Nimelelewa Kasulu kwa mtindi na ninautamani kila siku. Mama mkwe wangu ananishauri nihamie maziwa ya mbuzi, na jirani anasema mtoto wa namna hii hatakunywa maziwa maisha yake yote. Nifanye nini?

Mama K., Ujiji, Kigoma

JIBU

Mama K., agizo ulilopewa kliniki lilikuwa sahihi, ila lilikuwa nusu ya ushauri. Nusu iliyobaki ni kuyarudia maziwa kwa makusudi na kwa uangalifu, kwa sababu hadi sasa haijathibitika kwamba maziwa ndiyo yaliyokuwa yakimsumbua mwanao. Watoto wengi wa umri huo wanaotoa ute na damu kidogo, huku wakiwa wachangamfu na wakiongezeka uzito, hupona wenyewe hata kama mama hakubadili chakula chochote. Kwa hiyo kupona baada ya wewe kuacha maziwa kunatia shaka maziwa, lakini hakuyatii hatiani. Jibu hupatikana pale yanaporudi, tukaona kama dalili nazo zinarudi. Mzio, yaani mwili kukikataa chakula fulani, wa aina hii ambao dalili zake huchelewa, hauonekani katika kipimo cha damu wala cha ngozi, hivyo kikombe chako cha chai ndicho kipimo chenyewe. Kwa kawaida jaribio hilo hufanyika baada ya mama kukaa bila maziwa kwa wiki mbili hadi nne, nawe umekwisha kuupita muda huo.

Inafaa ujue kinachopimwa hapa. Kinachoshukiwa ni protini ya maziwa ya ng'ombe, ambayo kiasi chake kidogo hupita kutoka katika chakula cha mama na kuingia katika maziwa ya kifua. Haihusiani na ile hali ya watu wazima kujaa gesi na kuharisha baada ya kunywa maziwa, ambayo hutokana na laktosi, yaani sukari ya maziwa. Laktosi iliyomo katika maziwa yako hutengenezwa na matiti yenyewe, na ingekuwapo kwa kiwango kilekile hata kama ungeishi kwa ugali wa muhogo na dagaa mwaka mzima.

Kabla hujaanza, jiulize kama mwanao aliwahi kuvimba midomo au uso, kupata vipele vya ghafla, kupumua kwa shida, au kutapika mfululizo hadi akalegea na kupauka, na pia kama kuna wakati uzito wake ulisimama. Likiwapo hata moja kati ya hayo, usijaribu nyumbani, bali mwone daktari kwanza katika kituo chako cha afya au Hospitali ya Mkoa ya Maweni, ili jaribio lipangwe chini ya uangalizi. Kwa maelezo uliyoyaandika, mtoto wako hayumo katika kundi hilo, lakini mweleze muuguzi wa kliniki mpango wako kabla ya kuuanza.

Chagua wiki ambayo mtoto hana mafua, homa wala kuharisha, na ambayo hakuna chanjo, kwa maana homa ya chanjo na kilio chake vitakuvuruga usijue kipi kimesababisha nini. Usibadili kitu kingine chochote katika chakula chako wiki hiyo. Siku ya kwanza weka robo kikombe cha maziwa yaliyochemshwa katika chai yako, kisha uongeze kidogo kidogo, nusu kikombe, halafu kikombe kizima au bakuli la mtindi, hadi mwisho wa wiki uwe umefikia kiasi ulichokuwa ukitumia zamani. Usikimbilie kuongeza ukiona siku ya kwanza imepita salama, kwa sababu dalili za aina hii zinaweza kuchukua siku mbili au tatu kujitokeza. Kila siku andika katika daftari ulichokunywa na ulichokiona katika nepi. Choo cha kijani cha siku moja au usiku mmoja wa kilio havitoshi kukufanya uache. Tunachotafuta ni damu na ute kurudi, au ukurutu na kutapika kuanza kwa namna inayojirudia.

Wiki mbili zikipita ukiwa unatumia maziwa kama zamani na mtoto yu salama, maziwa hayakuwa sababu, na mtindi wako ni halali yako. Damu ikirudi, acha tena. Ikikoma ndani ya siku chache hadi wiki mbili, sasa una uthibitisho, na utaendelea bila maziwa hadi mtoto afikishe miezi tisa hadi kumi na miwili, ndipo ujaribu upya. Ikiwa damu ni nyingi, au mtoto ana homa, tumbo limevimba au anakataa kunyonya, usisubiri kuona kama itakoma. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Katika hali zote hizo endelea kumnyonyesha.

Mama mkwe wako ana nia njema, lakini maziwa ya mbuzi hayatusaidii hapa. Protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, na watoto wengi wanaodhurika na haya hudhurika na yale. Ukiyanywa sasa utakuwa umelivuruga jaribio bila kujua. Mweleze hivyo kwa heshima, na umwombe pia asimlambishe mtoto maziwa kwa kijiko ili aone matokeo haraka, kwa kuwa kinachojaribiwa ni maziwa yaliyopitia kwako. Kuhusu jirani, mpumzishe: watoto wengi wenye mzio wa aina hii huvumilia maziwa wanapokaribia mwaka mmoja.

Ikiwa itakubidi kuendelea kuacha, wasiwasi wangu utahamia kwako. Mama anayenyonyesha anahitaji takriban miligramu 1000 za kalisi, yaani kalsiamu, madini ya mifupa na meno, kwa siku, na kikombe kikubwa cha maziwa hutoa karibu 300. Ulipo pana nafuu: dagaa wa Ziwa Tanganyika, wakiliwa wazima pamoja na mifupa yao, ni chanzo kizuri cha kalisi, na mboga za majani huongeza. Hata hivyo, muulize muuguzi kuhusu vidonge vya kalisi, kwa sababu ni vigumu kulifikia lengo hilo kwa mboga pekee. Soma pia vifungashio vya siagi, biskuti na skonzi, na ukumbuke kwamba samli nayo hubaki na chembe za protini ya maziwa.

Atakapofikisha miezi sita utaanza kumpa uji. Kama jaribio lilikwenda salama, maziwa kidogo yaliyochemshwa vizuri yanaweza kuingia katika uji, ila yasiwe kinywaji chake kikuu kabla ya mwaka mmoja, kwani hayana madini ya chuma ya kutosha. Kama yalimdhuru, mpe uji usio na maziwa, ulioongezwa mawese, maharage yaliyopondwa au unga wa dagaa. Siku ya chanjo ya surua na rubela ya miezi tisa mkumbushe muuguzi habari hii na umwonyeshe daftari lako, mpange pamoja namna ya kumrudishia maziwa. Kwa kawaida huanzwa na vyakula vilivyookwa vyenye maziwa kidogo, kama biskuti, kabla ya mtindi na maziwa yenyewe, kwa sababu moto wa kuokea hupunguza makali ya baadhi ya protini hizo.