Kikokotoo hakijui joto la dari ya Ngamiani

Vijana wanaoanza ufundi umeme hapa Tanga huniuliza wapakue programu gani ya kupigia hesabu za waya. Huwajibu yoyote ya bure, ila ukishaifungua ingia kwanza kwenye mipangilio. Nyingine zinakuja na volti 120 za Marekani na waya wa kupimwa kwa namba za hukohuko. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50, na waya tunanunua kwa milimita za mraba.

Kinachopuuzwa zaidi ni joto. Majedwali ya Uingereza, yale ya BS 7671 (kanuni zao za kufunga umeme) ambayo programu nyingi huyafuata, yanachukulia kuwa hewa inayouzunguka waya ina nyuzi 30. Sasa panda juu ya dari ya nyumba ya bati pale Ngamiani, saa nane mchana, msimu wa kaskazi! Waya bapa wa 2.5 uliobanwa kwenye ukuta au mbao hubeba ampea 27 katika nyuzi 30. Katika nyuzi 50 unazidisha kwa 0.71, unabaki na 19 na kidogo, na breka uliyofunga ni ya 20. Breka haitakata, ila ganda la waya litakuwa linakauka mwaka hadi mwaka mpaka lianze kupasuka. Kwenye programu kuna mahali pa kujaza joto la mazingira. Mimi kwa dari za bati huandika 50, mteja akilalamikia bei ya waya mnene namwalika apande mwenyewe.

Umbali nao una hesabu yake. Tuseme kuna banda la nyuma mita 40 kutoka meinswichi, lenye mzigo wa ampea 20. Waya wa 2.5 hupoteza milivolti 18 kwa kila ampea kwa kila mita, kwa hiyo zinapotea volti 14.4, zaidi ya asilimia 6. Kwa matumizi yasiyo ya taa mwisho ni asilimia 5. Waya wa milimita 4 (milivolti 11) unapoteza volti 8.8, unapita. Fomula hiyo nimeiweka kwenye lahajedwali la LibreOffice Calc. Ni la bure, halihitaji intaneti, na halisumbui kompyuta ya zamani.

Kuhusu kompyuta yenyewe, usikisie inakula kiasi gani. Nunua kipima wati cha kuchomeka kwenye soketi. Kompyuta ya mezani inayokula wati 100, saa nane kwa siku, siku 26, inamaliza uniti 20.8 kwa mwezi. Laptopu ya wati 30 inamaliza 6 na ushei. Mwenye LUKU ya daraja la D1, ambaye akivuka uniti 75 kwa mwezi bei inapanda, anaielewa tofauti hiyo haraka kuliko fundi.

Punguza mwanga wa skrini kwanza. Picha zinazochezacheza skrini ikiachwa haziokoi chochote. Zilikuwa za kulinda skrini za kioo kinene za zamani, acha skrini izime kabisa. Ukienda kula, ilaze kompyuta (Sleep). Ukifunga ofisi, izime, au tumia ile hali inayohifadhi kazi zako kwenye diski kisha inakata umeme. Kwenye Linux kuna powertop, inakuonyesha ni programu gani inayoinyima kompyuta usingizi.

Na ukinunua laptopu ya mtumba, kabla hujatoa hela fungua dirisha la amri la Windows, andika powercfg /batteryreport. Utaambiwa faili la ripoti limewekwa wapi. Lifungue, linganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo inaojaza sasa. Ikiwa imebaki chini ya nusu, muuzaji akupunguzie bei ya betri mpya, au mwachie mzigo wake.