Pampu imewekewa sola, mbona ndoo bado shilingi 50?

Mkuu, umeuliza kwa nini kijijini kwenu jenereta imeondolewa, pampu sasa inaendeshwa na sola, halafu bei ya ndoo imebaki palepale wakati jua halina bili. Nimewahi kuwa mhazini wa jumuiya ya watumia maji huku Dodoma, na swali hilihili niliulizwa mkutanoni na watu waliokunja sura, kwa hiyo niruhusu niandike kirefu.

Enzi za dizeli hesabu ilionekana kwa macho. Pesa ya ndoo inaingia, dumu la mafuta linanunuliwa, maji yanapanda kwenye tenki. Pesa ikikata, jenereta inanyamaza na kijiji kizima kinajua sababu. Sola inaendelea kuvuta maji hata akaunti ya jumuiya ikiwa tupu, na hapo ndipo watu wanaanza kuuliza wanalipia nini. Kisha siku moja radi inapiga inverta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kuendesha pampu), au mota inaungua ikiwa chini kabisa ya kisima. Yetu iliungua katikati ya kiangazi. Kuitoa kunahitaji fundi na winchi, mabomba yanafunguliwa moja moja, waya unavutwa taratibu usichubuke, na baada ya hapo ndiyo unaanza kutafuta pampu mpya. Ni mamilioni, na yanatakiwa kwa mpigo. Mradi usio na akiba unarudi kwenye visima vya kuchimba mchangani siku hiyohiyo.

Wapo watakaosema serikali italeta. Huko tulishapita. Mwaka 1971 ulianza mpango wa miaka 20 wa kufikisha maji vijijini, na maji yalikuwa bure. Miradi mingi ikafa kwa kukosa mafuta na vipuri, na sera ya maji ya 1991 ikaanza kuwataka wananchi wachangie. Ya 2002 ikaenda mbali zaidi: uendeshaji ni juu ya watumiaji. Sheria ya 2019 iliyoleta RUWASA, wakala wa maji vijijini, haikuligeuza hilo, jumuiya ndizo zinaendesha. Ile shilingi 50 ya Mfuko wa Maji kwenye kila lita ya petroli na dizeli (ndiyo, hata bodaboda wako anachangia) kazi yake kubwa ni kujenga miradi, si kumlipa mlinzi wa paneli zenu.

Ila kuna mahali una haki ya kulalamika. Ndoo ya lita 20 kwa shilingi 50 ni sawa na shilingi 2,500 kwa uniti, yaani lita 1,000. Kwetu aliyevuta bomba hadi nyumbani alilipa 1,500. Yaani mama anayejitwisha maji analipa zaidi kuliko jirani anayefungua koki uani kwake! Posho ya mhudumu wa kituo cha kuchotea maji inaeleza sehemu ya tofauti hiyo, si yote. Tulibishana sana. Kushusha hadi 30 kungezua vita ya chenji kila asubuhi, basi tukakubaliana ndoo tatu kwa 100. Na msipange bei kwa kutazama makusanyo ya kiangazi peke yake. Masika watu wanakinga ya paa na kuchota lamboni, vituo vinakaa vitupu, ila mlinzi na fundi wanataka chao kama kawaida.

Kwa hiyo mkutanoni usianze na bei. Waambie waoneshe fungu la matengenezo lina kiasi gani benki. Kisha dira (mita) ya tenki ilinganishwe na pesa iliyoletwa na vituo. Kama dira inasema uniti 300 zimetoka na pesa iliyofika ni ya uniti 180, basi yanavuja mabomba au inavuja mifuko ya watu, na kupandisha au kushusha bei hakutasaidia kitu. Kama tenki halina dira kabisa, hakuna atakayeweza kukwambia bei ya haki ni ipi, mimi nikiwemo. Ukipata taarifa ya mapato na matumizi iliyobandikwa ofisi ya kijiji, piga picha uiweke hapa tuipitie pamoja.