Bastola ya kwanza Marekani kwa dola 600

Wengi wanaonunua bastola ya kwanza humaliza pesa zote kwenye bastola yenyewe. Ana dola 600, anatoka dukani na bastola ya 560 na boksi moja la risasi, na tangu siku hiyo imelala kwenye droo, haijawahi kufyatuliwa. Ukiwa na 600, bastola pamoja na kodi isizidi 350. Kisanduku cha kufungia weka 60, risasi 200 za mazoezi 60, boksi mbili za risasi za ulinzi 50, vifunika masikio na miwani 30. Hamsini inayobaki ni ya darasa la wanaoanza au muda wa kulenga shabaha. Bei hupanda na kushuka, ila mgawanyo uwe wa namna hiyo.

Karatasi kwanza. Duka lenye leseni litakujazisha fomu namba 4473 ya serikali kuu, kisha jina lako lipitishwe kwenye mfumo wa FBI wa kukagua rekodi. Kununua bastola dukani ni lazima uwe umetimiza miaka 21, na ununue kwenye jimbo unaloishi. Illinois, New Jersey, New York na Massachusetts zinataka kibali kabla. California utasubiri siku 10. Mwenye grini kadi anaweza kununua. Aliye kwa viza ya masomo, utalii au kazi ya muda kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha wala risasi, ukiacha misamaha michache kama ya mwenye leseni ya kuwinda. Jamaa zetu huingia matatani hapa: mwenye viza anampa pesa binamu mwenye grini kadi amnunulie. Fomu inauliza waziwazi kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Ukidanganya ni jinai, na asiye raia anaweza kufukuzwa nchini kwa jambo hilo. Kama mnakaa nyumba moja na mtu asiyeruhusiwa, namba ya siri ya kisanduku asiijue. Fomu inauliza pia kama unatumia bangi, hata kama jimbo lako limeihalalisha.

Sasa bastola. Kwa bajeti hii tafuta inayotumia risasi za 9mm, ya ukubwa wa kati, mtutu wa inchi 4, uzito wa gramu 600 hadi 700 ikiwa tupu. Smith & Wesson SD9, Ruger Security-9 na Taurus G3 zote ziko hapo. Hazina urembo, lakini zinapiga. Usivutiwe na vibastola vya mfukoni vya .380 vyenye gramu 300 hivi. Mwanamke huuziwa hivyo mara nyingi kwa maneno ya "mkono wako mdogo", na huo ni ushauri mbovu: silaha ikiwa nyepesi hivyo hurusha mkono vibaya, na anayejifunza huanza kufumba macho kabla ya risasi kutoka.

Dukani omba uoneshwe kuwa ni tupu, kisha ihakiki mwenyewe. Shika juu kabisa ya mpini. Ncha ya kidole ifike kwenye kifyatulio bila kuusokota mkono. Halafu jaribu kuvuta slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma. Ikikushinda, ifunike kwa kiganja kizima na usukume mpini mbele kwa mkono wa pili, badala ya kuvuta kwa ncha za vidole. Bado inakushinda? Smith & Wesson wana aina ya EZ yenye springi laini, ingawa itapita bajeti kidogo.

Zilizotumika na polisi huonekana rahisi, hasa za .40. Fanya hesabu: risasi zake ni ghali kuliko za 9mm, hivyo unafuu unaliwa na maboksi ya risasi, na mrusho wake ni mkali zaidi. Ukinunua iliyotumika, muuzaji aifungue, umulike ndani ya mtutu. Kivuli kama pete maana yake mtutu umevimba, pengine risasi iliwahi kukwama na nyingine ikafyatuliwa nyuma yake. Hiyo rudisha. Tazama pia midomo ya magazini, kile kibweta cha risasi kinachoingia kwenye mpini, isiwe imepinda.

Kabla ya kuitegemea, piga zile 200, kisha angalau 20 za ulinzi, zile zenye shimo kwenye ncha, kwa sababu umbo lake tofauti linaweza kukwama kwenye bastola inayopitisha za mazoezi vizuri kabisa. Ganda likisimama wima limebanwa na slaidi, mara nyingi mkono ndio umelegea, slaidi haikurudi nyuma hadi mwisho. Elekeza mtutu kwenye shabaha, gonga kitako cha magazini, vuta slaidi kwa nguvu, endelea. Magazini ikiisha na slaidi isibaki nyuma, angalia kidole gumba: huenda kimekalia kile kitufe cha kuizuia. Na kidole gumba cha mkono wa pili kisipite nyuma ya slaidi, itakukata.

Kisanduku cha bei nafuu kinachofunguka kwa alama ya kidole hugoma kidole kikiwa na jasho. Chukua cha vitufe, kifungwe kwa skrubu kwenye mbao, betri ubadilishe kabla haijaisha. Nyumba yenye watoto, droo na juu ya kabati si mahali pa kufichia. Ukiwa kwenye apatimenti, kumbuka kuta nyingi ni jasi tupu, na risasi ya aina yoyote itapita hadi kwa jirani. Simama chumbani leo, mchana, uone upande upi una watu wanaolala nyuma ya ukuta.

Begi unalobebea risasi lisigeuke begi la safari. Risasi moja iliyosahaulika mfukoni inatosha kukuzuia uwanja wa ndege hapa, na ukifika nayo Nairobi, utaeleza polisi.