Barua kwa mwanangu: Dorothea alikosea wapi?

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza: msichana mwenye akili kama Dorothea wa Middlemarch, ile riwaya ya George Eliot, alishindwaje kumtambua Casaubon kabla hajaolewa naye? Hukutaja mtu, nami sikuulizi.

Akili alikuwa nayo. Alikuwa na kiu ya elimu. Uingereza ya karibu na 1830 haikuwa na chuo cha kumpokea msichana, basi akatokea Casaubon, mzee wa vitabu, umri wake umeshapita 45, anaandika ufunguo wa visasili vyote vya dunia. Binti akaona chuo kimemfuata nyumbani. Mzee alisema maneno mawili, kumi yaliyobaki Dorothea akajazia mwenyewe. Ufunguo wenyewe haukukamilika. Mzee alikufa akaacha madaftari.

Tafuta ile sehemu ya kioo. George Eliot anasema kioo kinachosuguliwa na mtumishi kila siku hujaa mikwaruzo midogo ya kila upande, lakini ukikisogezea mshumaa, mikwaruzo hiyo yote huonekana imejipanga miduara kuuzunguka mwali. Mshumaa ni ubinafsi wa mtu. Juzi umeme ulipokatika nilijaribu kwenye kioo cha kabati langu, kile ulichokisugua kwa mchanga kama sufuria ulipokuwa darasa la pili. Nikipeleka mshumaa kulia, miduara nayo inahamia kulia. Nikacheka peke yangu gizani.

Ila kilichonifanya nimpende mama huyu, Eliot, ni sura ya 29. Tumeshamchoka Casaubon, sura inaanza na Dorothea, na sentensi haijafika mbali mwandishi anajikatiza: kwa nini kila mara Dorothea? Anatuingiza kwa mume. Kumbe ni mtu mwoga, anahofia wasomi wenzake wanamdharau. Alidhani mke kijana atamliwaza, sasa anamwona kama mpelelezi aliyemleta ndani kwa mkono wake.

Wanandoa wengine wa riwaya hiyo, Daktari Lydgate na Rosamond wake, na madeni yale ya samani, tutawasema ukija.

Na mwandishi mwenyewe hakuhubiri kutoka mbali. Jina lake hasa ni Mary Ann Evans. Tangu 1854 aliishi na George Henry Lewes, mume wa mtu, ambaye sheria haikumpa njia ya talaka, mpaka Lewes alipofariki 1878. Kaka yake Mary Ann, Isaac, alimnyamazia dada yake zaidi ya miaka 20. Alimwandikia tena 1880, dada alipofunga ndoa kanisani na John Cross, kijana mdogo kwake kwa miaka 20. Shangazi zako wangesema nini!

Mwezi wa kumi na mbili ukija na huyo usiyemtaja, wali wa nazi utakuwepo. Ila nikimuuliza swali, usimjibie.

Mama yako