Kabla ya Kulaumu Klorini

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa fupi: mtu anayeishi na maumivu sugu ya neva za nyonga afanye nini ikiwa kila akitoka bwawani sehemu zake za siri zinamchonyota? Wengi watamwambia aache kuogelea. Mimi nasema asiache kabla hajajua kinachomuumiza. Safari moja ya bwawani ina mambo manne yanayoweza kuiamsha neva hiyo: maji, vazi, mtindo wa kuogelea, na kiti alichokalia akienda na kurudi. Watu hulaumu maji kwa sababu yana harufu.

Neva inayohusika mara nyingi ni ya pudenda. Hutoka chini kabisa ya uti wa mgongo, hupita katikati ya kano mbili ngumu za nyonga, kisha huingia kwenye mfereji mwembamba ulio kando ya msuli uitwao obturata wa ndani, na kugawanyika kwenda msambani, kwenye njia ya haja kubwa, na kwenye uke au uume. Wanaume wanayo sawa na wanawake. Ikibanwa, maumivu huzidi mtu akikaa na hupungua akisimama au akilala. Tena ngozi inayohudumiwa nayo huweza kuanza kuuhisi mguso mwepesi kama moto, ndiyo maana maji yaleyale yanakuchoma wewe na mwenzako hana habari.

Kutenganisha visababishi kunataka subira na daftari. Siku ya kwanza ingia majini hadi kifuani, tembea taratibu kwa dakika 10, usiogelee, kisha toka, jisuuze na ubadili nguo. Ukichonyotwa ndani ya saa chache, ngozi ikawa nyekundu pande zote mbili na hali ikatulia kufikia kesho yake, shuku maji au vazi. Ukitoka salama, pumzika siku mbili, kisha rudi uongeze mtindo mmoja tu kwa dakika 10 zilezile. Maumivu ya ndani, ya kupiga kama shoti ya umeme, mara nyingi upande mmoja, yanayokuja usiku au siku ya pili na kuzidi ukikaa, hayo ni ya neva na misuli, na kuhama bwawa hakutayaondoa. Usijaribu mambo mawili kwa siku moja, maana hutajua lipi limekuponza. Ute usio wa kawaida, harufu mbaya au uchungu wakati wa kukojoa ni dalili za maambukizi, na hayo yapimwe kwanza. Na ganzi ikishika msamba wote, au mkojo au choo kikikushinda kuzuia, hiyo ni dharura: nenda hospitali saa hiyohiyo.

Sasa maji. Bwawa linalonuka dawa kwa mbali si lazima liwe na dawa nyingi. Harufu ile hutoka kwenye kloramini, ambazo hutokea klorini inapokutana na mkojo na jasho, na hizo ndizo huwasha macho na ngozi. Bwawa la hoteli Jumapili alasiri, likiwa limejaa watoto, ndilo baya zaidi kwako. Nenda katikati ya wiki. Mwulize mhudumu dawa iliwekwa lini, klorini huru (ile ambayo bado haijaungana na uchafu) ni kiasi gani na pH (kipimo cha uasidi wa maji) ni ngapi. Klorini huru iwe miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na pH kati ya 7.2 na 7.8. Mhudumu asiyejua tarakimu hizo hapimi, anakisia.

pH ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Ikiwa 7.5, karibu nusu ya klorini huwa katika hali ya kuua vijidudu vizuri. Ikipanda hadi 8, hubaki takriban robo. Klorini ya chembechembe ya aina ya kalsiamu hipokloriti huipandisha pH kila inapomwagwa, na jua kali la Kisumu huila klorini isiyochanganywa na dawa ya kuikinga na jua kwa saa chache tu. Basi mhudumu huongeza dawa juu ya dawa, badala ya kuishusha pH kwa asidi, na maji huzidi kuwa makali kwa ngozi yako bila kuwa safi inavyopaswa. Ukipima mwenyewe kwa vidonge vya DPD, vile vinavyoyageuza maji yenye klorini kuwa ya waridi, jihadhari: rangi ya waridi ikitokea na kutoweka papo hapo, usiseme hakuna klorini. Mara nyingi klorini ni nyingi kiasi cha kuichujusha rangi yenyewe. Siku hiyo usiingie.

Jimwagie maji safi kabla ya kuingia, kwa kuwa vazi lililokwisha kunywa maji safi huchukua ya bwawa kidogo. Paka vaselini kiasi cha punje ya njegere kwenye ngozi ya nje tu, kamwe si ndani (na kumbuka kwamba huharibu kondomu za mpira). Ukitoka, jisuuze bila sabuni. Beba chupa ya lita 2 ya maji safi, kwa sababu mabomba ya kuogea katika mabwawa mengi hutiririka kinyonge. Vua vazi bichi mara moja, jifunge leso. Vazi la mtumba la soko la Kibuye, Kisumu, ni sawa, mradi ulifue mara mbili bila dawa ya kulainisha nguo, na mshono wake usipite katikati ya msamba.

Mitindo haiko sawa. Ule wa chura ndio ninaoukataza kabisa mwanzoni: teke lake huzungusha nyonga kwa nguvu, na msuli unaofanya kazi hiyo ni uleule wa obturata unaopakana na mfereji wa neva. Kulala chali ukivuta kwa mikono na kupiga mateke madogo ndiko kupole zaidi. Boya la kubana katikati ya mapaja liache. Usizuie pumzi, itoe polepole, maana anayebana pumzi huikaza pia sakafu ya nyonga, yaani misuli inayoziba nyonga kwa chini. Baridi nayo hukaza misuli. Nakuru iko juu, takriban mita 1,850, na bwawa lisilopashwa moto ni la kuingiwa mchana jua likiwa limeshalichoma. Kisumu hata asubuhi huvumilika.

Ukipumzika, usikae kwenye ukingo wa vigae wala kiti cha plastiki. Lala ubavu juu ya leso dakika 15. Na boda boda! Tandiko lake hubana msamba moja kwa moja, na barabara yenye mashimo inaweza kuharibu kuliko saa nzima majini. Tembea ikiwezekana. Kwa matatu, mwambie fundi wa viti akukatie sponji ngumu ya sentimita 45 kwa 40, unene 8, yenye pengo katikati lililo wazi kwa mbele, ili uzito ubebwe na mifupa ya makalio.

Ukimwona mtaalamu wa fiziotherapia, mwulize kama misuli ya sakafu ya nyonga yako imekaza au imelegea kabla ya kukubali mazoezi ya kubana. Yenye kukaza tayari huumia zaidi ikibanwa.

Wapo watakaosema ziwa letu halina klorini, kwa hiyo ni afadhali. Ziwa Victoria lina kichocho. Vimelea vyake hupenya ngozi ndani ya dakika chache, na kujifuta kwa taulo hakukuhakikishii chochote. Bwawa likikushinda msimu huu, tembea, na uendelee kutafuta lenye mhudumu anayepima.